Kiwavi gani kwenye tumbaku? Soma jeraha kabla ya rangi

Baba mkubwa ana miche kumi na mitano ya tumbaku nyuma ya banda la ng'ombe, kule Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Usiite shamba. Ni tumbaku ya ugoro wake na wa wazee wenzake wawili watatu wanaopita Jumapili wakitoka misa, basi. Migomba inaikinga na upepo, mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita hatua chache pembeni, na samadi haitafutwi mbali. Tumbaku ikilelewa hivyo hutoa majani mapana kama ungo mdogo, na jani pana ni mwaliko.

Masika iliyopita alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari ndefu za ng'ombe aliyezaa, akafika kwenye neno lenyewe: "Viwavijeshi wameingia kwenye tumbaku yangu. Ukipanda huku nibebee dawa." Nikabeba. Muuzaji wa duka la pembejeo hakuuliza zao gani wala kiwavi wa namna gani. Alisikia "viwavi", akashusha chupa. Tukapulizia jioni ileile. Baada ya siku tano majani yalikuwa na matundu mapya, miche miwili ya kuzibia mapengo ilikuwa imelala chini kama imekatwa kwa kisu, na baba mkubwa alinitazama kwa jicho la mtu aliyeuziwa maji.

Sidhani kama yalikuwa maji. Tulichokosea ni kutibu kabla ya kujua ugonjwa. Nilirudi wiki iliyofuata na tochi na chupa tupu za jemu, tukalala macho usiku mmoja na kuamka alfajiri yake, na kwenye ile miche kumi na mitano tukakuta wadudu wanne tofauti. Katika hao wanne hakuna hata mmoja aliyekuwa kiwavijeshi.

Jina moja, wadudu wengi

Huku kwetu neno "viwavijeshi" limekuwa kama neno "malaria" la zamani, wakati kila homa ilikuwa malaria. Ukweli ni kwamba jina hilo ni la wadudu wawili wanaofahamika vizuri, na wote wawili ni washukiwa dhaifu katika kesi ya tumbaku.

Wa kwanza ni kiwavijeshi wa asili wa Afrika, yule anayeshuka kwa makundi kwenye mahindi na malisho mvua zinapoanza. Huyo hula mimea ya jamii ya nyasi: mahindi, mpunga, mtama, ulezi, ngano, majani ya ng'ombe. Tumbaku si nyasi. Atapita pembeni yake akielekea kwenye mahindi. Wa pili ni kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya bara la Amerika, aliyeonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuthibitika Tanzania mwaka uliofuata. Huyu ana uwezo wa kula mimea mingi, lakini moyo wake uko kwenye mahindi. Ukimkuta juu ya tumbaku, mara nyingi ni mgeni aliyevuka kutoka mahindi ya jirani. Kumtambua si kazi. Usoni ana alama nyeupe ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba. Ile Y peke yake isikudanganye, kuna viwavi wengine wanayo kwa mbali. Mraba ndio muhuri.

Swali la maana zaidi ni hili: tumbaku ni ndugu wa nani? Ni ndugu wa nyanya, viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu, pilipili na mnavu. Kwa hiyo viwavi wanaoishambulia ni wa makundi mawili: wale waliozoea kula ukoo huo, na wale wasiochagua chakula. Kabla hujainama kutazama jani, nyoosha mgongo utazame majirani. Kwa baba mkubwa, upande wa juu kuna viazi mviringo vya mama mkubwa. Upande wa chini mahindi na maharage. Na kando ya njia mnavu unajiotea. Nusu ya jibu ilikuwa imesimama pale pale, sisi tukiangalia chini.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa simu. Ukitafuta picha za viwavi wa tumbaku kwenye intaneti, utaletewa dubwana la kijani, nene kama kidole, lenye mistari myeupe ya mshazari ubavuni na pembe mkiani. Maelezo yatakwambia kwamba mwenye mistari saba na pembe nyekundu ni wa tumbaku, na mwenye alama nane za umbo la V na pembe nyeusi ni wa nyanya. Maelezo hayo ni sahihi kabisa, ila wadudu hao wawili ni wa bara la Amerika. Hawaishi Afrika. Mtu wa Arusha au Moshi anayehesabu mistari ubavuni mwa kiwavi wake akilinganisha na picha hizo anatafuta mwizi kwenye picha za kijiji kingine. Sisi pia tunaye kiwavi mwenye pembe, lakini ni mwingine, na nitamfikia, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike haya yote.

Rangi ni shahidi wa mwisho

Karibu kila mtu anaanza na rangi. "Ni wa kijani." "Ni wa kahawia." Haisaidii. Kiwavijeshi wa asili niliyemtaja, akikua peke yake huwa wa kijani. Akikua katika msongamano anakuwa mweusi mwenye mistari. Mdudu ni yuleyule. Na funza wa vitumba, ambaye yuko njiani kuja, mayai ya mama mmoja yanaweza kutoa watoto wa kijani, wa manjano, wa kahawia na hata wa rangi ya waridi iliyopauka. Sisi tulipowakuta juu ya maua ya tumbaku tulidhani ni viwavi watatu tofauti, tukawaweka kwenye chupa tatu. Kumbe ni ndugu.

Basi uliza mambo haya kwanza. Jeraha liko wapi kwenye mche: shinani, jani la chini, katikati, au kileleni? Linafanana na nini? Mdudu anaonekana saa ngapi? Yuko peke yake au na wenzake? Ukishajibu hayo, rangi unaweza kuitazama kwa kujifurahisha.

Anza ardhini. Mche mchanga ukiukuta asubuhi umelala, shina limekatwa usawa wa udongo, na majani yenyewe bado mabichi, huyo ni sota. Usihangaike kumtafuta juu. Fukua kwa kidole kuzunguka mche, kina cha sentimita mbili hadi tano, upana wa kiganja. Utamkuta amejikunja kama herufi C, mnene, wa kijivu cha udongo, ngozi inateleza kana kwamba kapakwa mafuta. Akinyooka anafikia sentimita nne. Anakula usiku, na mchana analala chini ya meza aliyolia. Hapo ndipo chupa yetu ya dawa iliposhindwa kwanza: tulilowesha majani vizuri sana, na aliyekata miche alikuwa amejifunika udongo.

Tiba ya sota kwa bustani ndogo haihitaji pampu. Kata chupa ya plastiki ya maji vipande vya pete, zungushia kila mche, pete izame ardhini sentimita mbili au tatu. Na safisha magugu wiki mbili tatu kabla ya kupandikiza, kwa sababu nondo wa sota hutaga kwenye magugu, na ukipanda siku hiyohiyo uliyopalilia unamkuta sota mkubwa mwenye njaa ambaye chakula chake umekitoa asubuhi. Ukiwaachia kuku wachakure kitalu kabla ya kupanda, umeongeza vibarua wasiodai posho.

Ukipanda kidogo juu, kwenye majani ya chini, tafuta baka. Si tundu, ni baka: sehemu ya jani iliyopauka, nyembamba, kama karatasi iliyodondoshewa mafuta ya taa. Chuma jani hilo ulinyanyue juani. Ndani, katikati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, utaona kivuli cha mdudu na punje nyeusi za kinyesi chake. Anaishi ndani ya jani kama mtu aliyejifungia ndani ya godoro. Dawa inayokauka juu ya jani haimgusi kirahisi.

Huyo kwa baba mkubwa alikuwa nondo wa viazi, na alitoka kwa mama mkubwa, wala hatukuhitaji uchunguzi mrefu. Ni yuleyule anayetoboa viazi mviringo shambani na ghalani. Kiwavi wake ni mdogo, milimita kumi au kumi na mbili akiwa mkubwa, mweupe unaoelekea kijani au waridi, kichwa kahawia iliyokolea. Wakulima wa nyanya wa Arumeru watasema papo hapo, "Hiyo ni kantangaze." Wana haki ya kushuku, tangu kantangaze, yule nondo wa nyanya, alipoingia nchini mwaka 2014 wamelala njaa kwa ajili yake, na yeye pia huchimba ndani ya jani na anaweza kuonja tumbaku. Tofauti iko nyuma ya kichwa, na ukiwa na lenzi ndogo ya mkononi utaiona. Nondo wa viazi ana ngao nzima iliyokolea rangi kwenye pingili ya kwanza. Kantangaze ana ufito mwembamba mweusi tu kwenye ukingo wa nyuma wa ngao hiyo. Kwa mwenye miche kumi na mitano, tofauti hiyo haibadilishi kazi ya leo: chuma majani yenye mabaka, yachome au yafukie kwa kina, na masalia ya viazi yasiachwe yakioza pembeni. Lakini kwa mwenye nyanya jirani inabadilisha sana, hivyo usimtangazie jirani kantangaze kabla ya kutazama shingo.

Kuna ndugu yao mwingine anayeingia kwenye shina lenyewe. Dalili yake ni uvimbe, shina linavimba sehemu moja kama goti, na mche unadumaa. Pasua uvimbe utamkuta ndani. Mche wa namna hiyo ung'oe tu.

Katikati ya mche

Majani ya katikati ndiyo yenye wageni wengi, na hapa watu wanachanganya hata wasio viwavi. Jani lililoliwa kutoka ukingoni kwa kuchongwachongwa linaweza kuwa la panzi. Jani lenye matundu yasiyo na mpangilio na utando unaong'aa kama mate yaliyokauka ni la konokono. Kiwavi anaacha kitu kingine: kinyesi. Samahani kwa wanaosoma wakiwa mezani, lakini kinyesi ndicho ushahidi bora kuliko wote, kwa sababu tumbaku inanata na kila kinachoanguka kinabaki pale. Punje mbichi ni za kijani na laini, za jana ni nyeusi na kavu. Ukiona punje mbichi, inua macho: mwenyewe yuko jani la juu yake, upande wa chini.

Ukikuta jani moja limebaki kama wavu, nyama yote imekwanguliwa na mishipa imebaki, na upande wa chini kuna kundi la viwavi vidogo vimebanana, huyo nitamwita kiwavi wa majani ya pamba, maana pamba ndiyo iliyompa sifa mbaya. Kwa baba mkubwa hatukumkuta, ila niliwahi kumwona kwenye bilinganya za rafiki yangu Tengeru. Mama yake hutaga mayai kwa mamia sehemu moja na kuyafunika kwa manyoya ya tumbo lake mwenyewe, hivyo rundo la mayai huonekana kama kipande cha sufi ya kahawia kilichobandikwa chini ya jani. Ukilipata rundo hilo, jani moja ulilochuma limekuokoa na viwavi mia kadhaa. Wakishakua wanatawanyika, wanakula usiku, na unawatambua kwa madoa meusi mawili mawili mgongoni, ambayo ni makubwa zaidi karibu na mwanzo na karibu na mwisho wa tumbo.

Yule anayetembea kwa kujikunja na kujinyoosha, kana kwamba anapima jani kwa shubiri, ni wa kundi jingine na sababu yake iko miguuni. Kila kiwavi ana jozi tatu za miguu halisi mbele. Nyuma yake ana miguu minene ya nyama inayoshika jani. Viwavi wengi wa bustanini wana jozi nne katikati na moja mkiani. Huyu mpima shubiri ana jozi mbili tu kuelekea nyuma na moja ya mkiani, kwa hiyo katikati hana kitu cha kushikia na inabidi ajikunje. Anatoboa majani lakini ni nadra amalize mche. Mwokote uendelee na safari.

Kileleni

Tumbaku ikianza kutoa maua ya waridi, angalia vitumba. Kitumba kilichotobolewa tundu la duara safi, kiwavi amezamisha kichwa na mabega ndani huku nusu ya mwili ikibaki nje kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda: huyo ni funza wa vitumba. Kwa jina la kisayansi ni Helicoverpa armigera. Ndiye yule wa pamba kule Shinyanga na Simiyu, ndiye anayetoboa nyanya zako, mbaazi, alizeti, na ncha za mahindi. Hachagui chakula hata kidogo. Akiwa mkubwa anafikia sentimita tatu na nusu hadi nne, ana mstari uliopauka ubavuni, na ukimtazama kwa lenzi unaona vinywele vifupi vimeota juu ya vivimbe vidogo. Mayai yake ni moja moja, ya rangi ya malai, madogo kuliko kichwa cha pini, na yana michirizi kama boga dogo.

Kabla ya maua hula majani machanga ya kileleni yakiwa bado yamefumba, na hilo ndilo linalochanganya. Tundu dogo analotoboa kwenye jani changa linakua pamoja na jani. Mwezi mmoja baadaye unaona tundu kubwa la kutisha kwenye jani pana, unatafuta mla jani mkubwa, na aliyelitoboa alikuwa na ukubwa wa punje ya mchele na ameshaondoka.

Funza wa vitumba ana sifa mbili nyingine za kujua. Wanalana wenyewe kwa wenyewe. Zile chupa zetu tatu zingekuwa moja, asubuhi tungekuta mmoja mnene. Na amekuwa sugu kwa dawa nyingi za jamii ya pareto ya viwandani katika nchi nyingi, kwa hiyo kupulizia na asife si lazima dawa iwe feki. Kwa mkulima wa ugoro kuna dawa ya bure: vunja kilele. Wazee wanavunja maua ili majani yanenepe na ugoro uwe mkali, na wakifanya hivyo wanamwondolea funza meza yake. Baba mkubwa alikuwa ameacha miche minne yote itoe maua kwa ajili ya mbegu. Mmoja ulitosha, tumba moja la tumbaku lina mbegu nyingi ndogo kama vumbi.

Mwenye pembe

Sasa yule aliyeleta hofu. Mjukuu wa baba mkubwa ndiye aliyemwona, alfajiri, akakimbia akisema kuna nyoka kwenye tumbaku. Alikuwa na urefu wa kiganja changu, zaidi ya sentimita kumi na mbili, wa manjano kama ndizi mbivu, na mistari ya mshazari ya zambarau na samawati ubavuni. Mkiani alikuwa na pembe iliyopinda, yenye chunusichunusi, kama kijimkia kilichokunjwa kwa umbo la S. Chini yake punje za kinyesi zilikuwa kubwa kuliko pilipili manga, zenye mifereji, kama zimechongwa. Jani alilokuwepo lilibaki uti wa kati peke yake.

Nilipomsogezea kijiti aliinua kichwa akagonga meno: tik, tik, tik. Mtoto alikimbia mara ya pili.

Huyu ni mtoto wa nondo mwenye fuvu, Acherontia atropos, anayepatikana sehemu kubwa ya Afrika. Anakula ukoo wote wa nyanya na viazi, pamoja na mimea mingine. Anaweza kuwa wa manjano, wa kijani au wa kahawia, kwa hiyo tena rangi tuiweke pembeni na kushika ile pembe yenye chunusi. Hilo ndilo linalomtenga na ndugu yake anayekula majani ya viazi vitamu, ambaye pembe yake ni laini. Pembe hiyo haichomi wala haina sumu. Watu wengi huku wanaamini ni mwiba wa kudunga, na sikufanikiwa kumshawishi mama mkubwa vinginevyo hata nilipoigusa kwa kidole mbele yake. Kwa kawaida unamkuta mmoja au wawili, si jeshi. Kumpulizia dawa ni sawa na kupiga bomu kwa sababu ya panya. Mshike kwa jani, mwondoe.

Kwa nini hawafi?

Baba mkubwa aliuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri. Sisi tunaloweka tumbaku kuua vidukari kwenye mboga. Inakuwaje viwavi hawa waile mbichi na wanenepe?

Sumu ya tumbaku ni nikotini. Inatengenezwa mizizini, inapanda na maji hadi majani, na kazi yake kwenye mmea ni hiyohiyo ya kukataza walaji. Inaua wadudu wengi. Lakini viwavi wanaokula tumbaku wana njia zao: wengine huivunjavunja tumboni kwa vimeng'enya, wengine huitoa haraka kwenye kinyesi kabla haijawadhuru. Kwa hiyo kuwapulizia maji ya tumbaku ni kuwapelekea mchuzi wa chakula walichokwisha zoea. Na maji hayo ni hatari kwako kuliko kwao, kwa sababu nikotini hupita kwenye ngozi.

Hilo linahusu hata kuokota viwavi kwa mkono. Majani ya tumbaku yakiwa na umande au mvua, nikotini hutoka na maji na kuingia mwilini. Mtu anapata kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika, na hujulikana kama ugonjwa wa tumbaku mbichi. Mimi nilipata kizunguzungu asubuhi ile nikadhani ni kukosa usingizi. Subiri umande ukauke au vaa glavu, na watoto wasitumwe kazi hiyo. Ukimaliza nawa kwa sabuni kabla hujagusa nyanya, kwa sababu virusi vya batobato ya tumbaku husafiri kwa mikono, na hukaa hai hata kwenye ugoro mkavu.

Kuhusu dawa za dukani, tumbaku ya ugoro ina jambo lake ambalo mboga haina. Mchicha unaoshwa, unapikwa. Ugoro hauoshwi wala haupikwi. Jani linakaushwa, linasagwa na magadi, linaingia puani. Chochote kilichobaki juu ya jani kinapanda nacho. (Ugoro wenyewe una madhara yake, na baba mkubwa anajua ninavyofikiri kuhusu hilo.) Kwa hiyo kama ni lazima kupulizia, soma kibandiko: zao liwe limetajwa, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, inayosajili dawa hizi, makao yake makuu yako Arusha, kwa hiyo sisi wa kaskazini hatuna safari ndefu ya kuuliza kama chupa fulani imesajiliwa. Kwa viwavi wadogo kuna dawa ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, ambayo lazima imezwe na kiwavi ndipo ifanye kazi. Pulizia jioni, maana jua linaiharibu, na usiitegemee kwa wale wakubwa.

Na kabla ya kuua, mtazame kama ni mzima. Kiwavi aliyebeba vijifuko vyeupe kama punje za mchele, au mayai meupe mgongoni, ana nyigu wadogo au nzi wanaomla. Mwache, atazaa maaskari wako. Aliyening'inia kichwa chini, mweusi, analegea na kuvuja, amekufa kwa virusi vya viwavi. Huyo naye mwache hapohapo ili awaambukize wenzake.

Yule wa manjano tulimweka kwenye ndoo yenye udongo laini na majani ya tumbaku. Kufuga ndiyo njia ya uhakika kuliko picha yoyote: kiwavi anaweza kukudanganya, nondo hawezi. Alikula siku mbili, rangi ikachafuka, akazunguka ndoo bila kutulia, kisha akazama udongoni. Wiki zikapita, baba mkubwa akawa anaifunika ndoo kwa wavu na kunitania kwamba nimempandia kiwavi.

Usiku mmoja alinipigia simu saa nne. Ndani ya ndoo kulikuwa na nondo mkubwa wa mabawa meusi, tumbo la manjano lenye pete, na mgongoni fuvu la mtu. Alipoigusa ndoo, nondo alilia, kilio chembamba kama cha panya. Nilimweleza kwamba hulia kwa kusukuma hewa kupitia mrija wake mfupi mnene, na kwamba mrija huo ndio anaotobolea masega, kwa sababu chakula chake ni asali: huingia mzingani usiku akiwa na harufu inayofanana na ya nyuki, hivyo nyuki wengi humpita tu.

Upande wa pili wa simu kukawa kimya. Mzinga wa baba mkubwa uko kwenye mparachichi, hatua thelathini kutoka kwenye tumbaku.

"Mlango wa mzinga niuzibe ubaki kiasi gani?" akauliza.

Unene wa penseli, nikamwambia. Nyuki atapita, yeye hatapita.